Uyoga wa Pori: Uchimbe, Usiukate

Ndugu mfanyakazi, na wewe mama unayeshika mwiko nyumbani,

Ukurasa huu umezoea kukuambia habari za kofia ya kazi, za vumbi la mgodi, za kamba iliyochakaa na za gari linalorudi nyuma bila kupiga honi. Leo tunatoka mgodini, tunaingia jikoni. Mtu anaweza kushika kila sheria ya usalama tangu asubuhi mpaka saa ya kutoka kazini, akafika nyumbani mzima, akanawa mikono, akakaa na watoto wake mbele ya bukari, na hatari yenyewe ikawa ndani ya mboga.

Kila mwaka, tangu mvua zinapokolea mnamo Novemba mpaka karibu na mwisho wa masika, njia zinazoingia Kalemie kutoka porini zinaona mabeseni ya uyoga. Unakuja kutoka upande wa Nyunzu, unakuja kutoka upande wa Moba, unauzwa sokoni na kando ya barabara. Wengi wetu tunaungoja kama vile watoto wanavyongoja siku ya mshahara. Na wana haki ya kuungoja. Ni chakula kizuri, hakidai pesa kwa mwenye miguu ya kwenda porini, na ukipikwa na unga wa karanga au mafuta ya mawese hata mgeni anasahau kuuliza nyama iko wapi.

Kwa hiyo mwandishi wa mistari hii hakubaliani na wale wanaotaka tubandike tangazo kwenye mlango wa dispensari: "Ni marufuku kula uyoga wa pori." Tangazo la namna hiyo watu watalisoma, watacheka, na jioni watakula uyoga. Watu wa nchi hii walikula uyoga kabla ya mgodi wa kwanza kufunguliwa, na watakula baada ya mgodi wa mwisho kufungwa. Tena anayekataza kila kitu hasikilizwi hata siku anapokataza kile kinachoua. Maoni yetu ni haya: ule uyoga, lakini uwe umeujua kwa viungo vyake vyote, tangu juu ya kofia mpaka kile kilichofichwa na udongo. Kwa sababu hiyo usiukate kwa kisu. Uchimbe.

Kabla ya kueleza viungo hivyo, tufagie kwanza takataka. Katika kambi zetu kuna mafundisho yanayotembea kutoka mlango mpaka mlango, na mengi ni ya uongo.

Wanasema: tia kijiko cha fedha au sarafu ndani ya sufuria; ikigeuka nyeusi uyoga una sumu. Uongo. Wanasema: tia kitunguu au punje za mchele uone kama zitabadilika rangi. Uongo huo huo umevaa nguo nyingine. Wanasema: uyoga ulioliwa na konokono au wadudu ni salama kwa mtu. Konokono ana tumbo lake, wewe una lako; kuna uyoga unaoua mtu nao konokono anautafuna bila kudhurika. Wanasema: ngozi ya kofia ikichubuka vizuri, basi unalika. Wanasema: uyoga wa sumu ni mchungu. Hili ni baya kuliko yote, maana watu walionusurika baada ya kula uyoga wa kuua wamewaambia waganga kwamba ulikuwa mtamu.

Na lile la kuchemsha mara mbili na kumwaga maji? Hapa kuna kipande cha ukweli, na ndiyo sababu uongo wake unadumu. Ziko aina ambazo zikiliwa mbichi zinasumbua tumbo, na maji ya moto yanaziponya. Lakini sumu ile kubwa inayoua ini, ambayo wataalamu wanaiita amatoksini, haiogopi moto. Uchemshe, uukaange, uukaushe juani, uuweke mwaka mzima darini: sumu iko pale pale.

Wengine wanamjaribia kuku au mbwa, wanangoja saa moja, wakiona mnyama anatembea wanapakua chakula. Hebu shika jambo hili vizuri, maana tutalirudia: uyoga unaoua hauanzi kuuma baada ya saa moja. Unaanza baada ya saa sita, mara nyingi kumi au kumi na mbili, hata ishirini na nne. Mbwa wako anaweza kuwa anabweka vizuri wakati wewe tayari unaramba vidole.

Basi, kama hakuna kijiko cha kututambulia, tutambue kwa nini? Kwa macho, kwa pua, kwa vidole, na kwa jembe. Fundi wa mgodini halijui jiwe kwa rangi ya juu peke yake. Analigeuza, analivunja, analipima mkononi, anatazama limetoka upande gani wa ukuta. Uyoga unataka heshima ile ile.

Anza na kofia. Ni laini au ina magamba? Katikati yake kuna ncha kama chuchu, au ni bapa, au imezama kama sahani? Juu yake kuna vipande vyeupe kama ukoko uliobanduka, vinavyotoka ukisugua kwa kidole? Kisha ugeuze. Chini ya kofia aina nyingi zina vipande vyembamba vilivyopangwa kama kurasa za kitabu, tuviite kurasa. Nyingine hazina kurasa, zina matundu madogo kama sifongo. Kama ni kurasa, tazama rangi yake, tazama pia kama zinagusa mguu au zinakoma kabla ya kuufikia. Halafu mguu: una pete, yaani kile kitambaa kinachozunguka kama kola ya shati? Una uwazi ndani? Ukiuvunja unakatika kama chaki, au unachanika nyuzi nyuzi kama nyama ya kuku? Unatoka maziwa? Nyama yake inabadilika rangi ukiikata?

Mwisho kabisa, na huko ndiko wengi wetu hatufiki, tazama kilicho chini ya udongo.

Chukua uyoga unaopendwa kuliko wote, uyoga wa kichuguu. Wataalamu wanauita Termitomyces, na jina hilo lina mchwa ndani yake. Hauoti kwa bahati. Mchwa wenyewe wanaulima ndani ya nyumba yao, juu ya vitanda vya majani na miti waliyotafuna, kama vile mama anavyotunza shamba lake la mihogo. Mvua zikifika, uyoga unasukuma udongo kwa ile ncha ngumu iliyo katikati ya kofia, unatoka nje. Ndiyo maana una ncha. Na ndiyo maana ukiuchimba taratibu unakuta mguu wake unaendelea chini kama mzizi mrefu, pengine mkono mzima, mpaka kufika kwenye chumba cha mchwa. Kurasa zake ni nyeupe, baadaye zinaelekea rangi ya waridi hafifu. Katika jamii hii iko aina moja ambayo wataalamu Pegler na Piearce waliipa jina mwaka 1980 kutoka Zambia, Termitomyces titanicus, ambayo kofia yake inaweza kufika upana wa metre moja. Mtoto anaweza kuibeba juu ya kichwa kama mwavuli, na watoto hawakosi kufanya hivyo.

Katika jamii hii yote hakuna aina inayojulikana kuwa na sumu ya kuua. Habari njema. Lakini ni njema kwa yule aliyeuona mzizi tu. Maana huko kwenye majani mafupi ya kambi, mbele ya nyumba, kwenye uwanja wa mpira, mvua hizo hizo zinaotesha uyoga mwingine mkubwa, mweupe, wenye magamba ya kahawia juu na pete kwenye mguu. Jina lake ni Chlorophyllum molybdites, na umeenea katika nchi zote za joto. Mtu anayeutazama kutoka juu anasema, asante Mungu, kichuguu kimetoka mlangoni kwangu. Hauui mara nyingi, lakini unatapisha na kuharisha kwa nguvu ndani ya saa moja mpaka tatu, na kwa mtoto mdogo kupoteza maji kiasi hicho ni jambo kubwa. Ukichimba chini yake hakuna mzizi mrefu, hakuna mchwa. Na kurasa zake, ambazo zilikuwa nyeupe siku ya kwanza, ukizingoja zinageuka kijani.

Kuna njia rahisi ya kuiona rangi hiyo mapema. Kata kofia moja, ilaze juu ya karatasi nyeupe, kurasa zikitazama chini, ifunike kwa bakuli, ulale. Asubuhi utakuta unga mwembamba umeanguka, umechora kofia yote kama mhuri wa ofisi. Huo ndio mbegu za uyoga. Uyoga wa kichuguu unaacha unga wa rangi ya waridi hafifu. Ule wa majani ya kambini unaacha unga wa kijani. Mtoto wa darasa la nne anaweza kuifanya kazi hii, na ataipenda. Lakini usiigeuze kuwa kijiko kipya cha fedha! Mhuri wa karatasi unakusaidia kutupa, haukupi ruhusa ya kula. Unga mweupe wanao wema na wanao wauaji.

Uko pia uyoga mdogo wa kichuguu, Termitomyces microcarpus, unaofunika ardhi kama mchele uliomwagika, mamia kwa mamia. Huu hauna mzizi mrefu. Anayeujua anaujua kwa wingi wake na kwa mahali unapotoka, karibu na mchwa. Anayeona vidogo vitatu vyeupe vimesimama peke yao chini ya mti asijiambie kwamba ndio huo.

Sasa tuje kwa wale wa msituni. Misitu yetu ya miombo na ya masuku ina urafiki na uyoga. Nyuzi za uyoga zinashikana na mizizi ya miti, mti unaupa uyoga sukari, uyoga unaupa mti maji na chumvi za udongo. Ndiyo sababu unapata uyoga ule ule chini ya miti ile ile kila mwaka, na ndiyo sababu mahali walipokata miti yote kuchoma makala uyoga huo hauonekani tena. Kati ya hao kuna wale wa rangi ya manjano au machungwa, jamii ya Cantharellus. Ukiwageuza huoni kurasa kamili. Unaona mikunjo minene, butu, inayogawanyika na kuteremka juu ya mguu kama mishipa ya mkono wa mzee; huwezi kuing'oa moja moja. Wengi wao wananukia vizuri, kama tunda. Kuna wale wa maziwa, jamii ya Lactarius na ndugu zao, wanaokatika kama chaki na kutoa tone jeupe. Mmoja wao ulipewa na wataalamu wale wale, mwaka ule ule wa 1980, jina ambalo Wabemba walikuwa wanauita siku zote: kabansa, Lactarius kabansus. Hapo mtu wa maabara alikuja kujifunza kwa mama wa kijiji, na alifanya vizuri. Lakini si kila uyoga wa maziwa ni kabansa, na wengine ni wakali mdomoni kama pilipili.

Halafu kuna jamii ya Amanita. Hapa punguza mwendo.

Uyoga wa jamii hii unazaliwa ndani ya mfuko, kama yai. Unapokua unapasua mfuko, na mabaki yake yanabaki chini ya mguu kama kikombe, au kama uvimbe wenye magamba. Mara nyingi una pete, kurasa nyeupe, na vile vipande vyeupe juu ya kofia. Kikombe kinakaa ndani ya udongo. Sasa fikiri: mtu anakuja na kisu, anakata mguu juu ya ardhi, anatia kofia ndani ya beseni, anaondoka. Ameacha kitambulisho cha uyoga porini. Kile alichobeba nyumbani ni kofia nyeupe tu, na kofia nyeupe ziko nyingi. Ndiyo maana tunasema uchimbe. Tia jembe au kijiti pembeni, uinue na udongo wake, upanguse kwa vidole, utazame. Kama kuna kikombe, uweke pembeni.

Najua mtakavyojibu. Katika Zambia, katika Tanzania na hapa kwetu Katanga wanakula uyoga wenye kikombe, wanauuza sokoni, na hakuna anayekufa. Ni kweli. Uko Amanita mzuri, ambao vitabu viliuita zambiana na siku hizi vinauita loosii, na familia nyingi zimekulia juu yake. Siwaambii wazee waliouokota tangu utoto, katika msitu ule ule, kwamba hawajui wanachokula. Wanajua kuliko mimi. Lakini mama mzee huyo anaujua kwa ukubwa wa kikombe, kwa rangi, kwa harufu, kwa mti, kwa mwezi, na alifundishwa na mama yake miaka kumi. Wewe uliyefika kutoka Kasai au Kivu mwaka jana hujarithi miaka hiyo kumi. Kwako wewe kikombe kiwe neno la mwisho.

Na hilo ndilo jambo linalonitia hofu hasa katika mji wetu. Kalemie ni mji wa watu waliotoka mbali. Mgodi unavuta wafanyakazi kutoka Manono, Kongolo, Moba, Kasai, Kivu. Vita vya mwaka 2016 na 2017 viliondoa maelfu ya watu katika vijiji vyao na kuwaleta karibu na mji. Kila mmoja anakuja na ujuzi wa kwao kichwani, na ujuzi wa uyoga hausafiri vizuri. Uyoga mzuri wa kwenu unaweza kuwa na pacha wake huku, mwenye uso ule ule na moyo mwingine.

Jambo hili limewapata wengine. Mwezi wa nane mwaka 2021, familia zilizokimbia Afghanistan zilifikishwa Poland, zikakaa katika kituo karibu na Warsaw. Familia moja iliokota uyoga katika msitu uliokuwa karibu, ikapika supu. Ulikuwa Amanita phalloides. Watoto wawili, ndugu wa tumbo moja, mmoja wa miaka mitano na mwingine wa miaka sita, walikufa, ingawa mmoja alibadilishiwa ini. Waliepuka vita, wakauawa na sufuria. Na mwaka 2015 waganga wa Hannover, Ujerumani, walitoa onyo kwa sababu ya wakimbizi waliokuwa wanafika kwao na sumu hiyo hiyo. Watu hao hawakuwa wajinga. Walikuwa na ujuzi wa msitu mwingine.

Tena si watu peke yao wanaohama. Miti nayo inahama. Ule Amanita phalloides ulifika Afrika ya Kusini pamoja na mizizi ya mialoni iliyoletwa kutoka Ulaya, na ndugu yake mwekundu mwenye madoa meupe, Amanita muscaria, aliingia Afrika ya mashariki na kusini pamoja na misindano. Kwa hiyo unapoona uyoga chini ya miti ya kupandwa, usiseme nkambo wako aliujua. Nkambo wako hakuujua mti wenyewe.

Kuhusu watoto wanaookota mayai meupe baada ya mvua, wafundisheni jambo moja dogo. Yai la uyoga likatwe katikati, kutoka juu mpaka chini. Kama ndani ni jeupe tupu, kama jibini, bila mchoro wowote, ni wa namna moja. Kama ndani kuna picha ya kofia na mguu iliyolala kama mtoto tumboni, litupwe, na kisu kioshwe.

Sokoni ni shida kubwa zaidi. Uyoga uliokatwa vipande au uliokaushwa hauna tena kofia, hauna pete, hauna kikombe. Hakuna mtaalamu anayeweza kuutambua kwa macho, hata wale walioandika vitabu. Unaponunua uyoga mkavu hununui uyoga. Unanunua neno la yule mama anayeuuza. Basi umnunue kwa mama unayemjua, na ukinunua mbichi, chagua beseni lenye uyoga mzima na miguu yake. Kama wanunuzi wote wa kambi wangekataa kofia zisizo na miguu kwa mvua moja tu, wauzaji wangeanza kuchimba mvua inayofuata. Soko linafundishika haraka kuliko shule.

Neno fupi kwa sisi wa mgodi hasa. Usiokote uyoga juu ya marundo ya udongo wa mgodi, wala kando ya maji yanayotoka kiwandani, wala mahali wanapooshea dhahabu kwa zebaki. Uyoga unanyonya chuma cha sumu kutoka udongo, kama kadimiamu, risasi na zebaki, na kuosha hakuvitoi. Hata uyoga wa kichuguu ulio halali kabisa, ukiota hapo, uuache hapo.

Sasa tuseme imekwisha tokea. Mmekula jana saa moja ya jioni. Usiku wa manane, au alfajiri, tumbo linaanza kusokota, mnatapika, mnaharisha maji. Katika Kalemie kila mtu atasema neno moja: kolera. Si kosa lake, kolera tunaishi nayo hapa kando ya ziwa. Mtapelekwa na watu wenye nia njema mahali pa kolera, mtapewa maji ya chumvi na sukari, na maji hayo kweli yatawasaidia. Kesho yake tumbo litatulia. Mtajiona mmepona, mtarudi nyumbani, pengine utaomba hata kurudi kazini. Hapo ndipo sumu inapofanya kazi yake kimya kimya ndani ya ini. Siku ya tatu au ya nne macho yanakuwa manjano, damu inakataa kuganda, akili inapotea. Nafuu ile ya siku ya pili ndiyo mtego.

Kwa hiyo neno "uyoga" litoke mdomoni mwako kabla ya neno "kolera". Mwambie mganga: tumekula uyoga, saa fulani, tumeanza kuumwa saa fulani. Hizo saa mbili zina thamani kuliko maelezo mengine yote. Maumivu yakianza baada ya saa sita au zaidi, ni hatari kubwa mpaka mganga aseme vingine. Yakianza mapema zaidi, mara nyingi ni uyoga wa tumbo tu, lakini usijipe moyo, maana beseni moja linaweza kubeba aina mbili. Wote waliokula waende hospitali pamoja, hata yule asiyeumwa, na hasa mtoto aliyeonja kidogo. Maziwa, mafuta ya mawese, mayai mabichi, makala ya jikoni yaliyosagwa: hakuna hata kimoja kinachotoa sumu hiyo, na vyote vinakula muda. Hata hospitali kubwa za dunia hazina dawa moja ya hakika. Wanachoweza waganga ni kupigania ini lako saa baada ya saa, na mapigano hayo yanafaa yakianza mapema.

Na mchukulie mganga uyoga wenyewe. Desturi nzuri ya jikoni ni hii: kila mnapopika uyoga wa pori, acheni mmoja wa kila aina bila kuupika, mzima, na mguu wake na udongo wake, umefungwa ndani ya karatasi au jani la mgomba. Usiufunge kwa plastiki, utaoza. Ukae mpaka jioni ya siku inayofuata. Kama wote wako wazima, tupeni. Ni kazi ya dakika moja.

Kwa kampani nasi tuna ombi. Kila mwaka inatoa asubuhi nzima kwa mafundisho ya kuzima moto, na tunashukuru. Itoe asubuhi moja nyingine mwanzo wa mvua, katika kila kambi, meza ndefu, na wamama wanaoijua misitu ya hapa waje na uyoga waliochimba, wema upande mmoja na wabaya upande mwingine, watu washike kwa mikono yao. Picha ya kitabu haina harufu wala haivunjiki mkononi. Vitabu vizuri vipo: Buyck aliandika mwaka 1994 juu ya uyoga wa kuliwa wa magharibi ya Burundi, ng'ambo ya ziwa letu, Härkönen na wenzake, pamoja na Mwasumbi wa Dar es Salaam, waliandika juu ya Tanzania, na mwaka 2017 De Kesel, Kasongo na Degreef walitoa kitabu kikubwa juu ya Haut-Katanga. Dispensari ikipata hata kimoja, si hasara. Lakini meza ya wamama ije kwanza.

Wakati tunangoja jibu, ukurasa huu unataka kukusanya majina. Tuleteeni jina la kila uyoga mnaokula, kwa Kitabwa, Kiholoholo, Kiluba, Kibemba au lugha nyingine ya nyumbani. Pamoja na jina andikeni mwezi unaotoka, mti unaoota chini yake, rangi ya kurasa zake, kama una pete, na kama mguu wake, baada ya kuuchimba, una mzizi, una kikombe, au hauna kitu. Asiyejua kuandika amwambie mtoto wake amwandikie. Barua mpeni kapita wa usalama wa kambi yenu.